Asiyekuwepo na lake halipo

Kijana wa mauzo alikuwa kwenye skrini, anatabasamu, na sisi wanne tumebanana mezani tunamtazama. Ofisi yetu ni ndogo: mawakili wawili, karani mmoja, na mimi mkalimani wa Kiswahili ambaye pia nashika faili. Tuko Kentucky, Marekani, na wateja wetu wengi ni Wakongo waliokaa miaka mingi kwenye kambi za Tanzania kama Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Siku hiyo tulikuwa tunachagua programu ya kuendeshea ofisi. Zipo nyingi, Docketwise, INSZoom na nyinginezo, na huyu kijana alikuwa anatuonyesha ya kampuni yake. Mteja anajibu maswali mara moja tu, kwenye simu yake, akiwa nyumbani. Kisha programu yenyewe inayapeleka majibu kwenye kila fomu inayohitajika, leo na miaka ijayo.

Wakili mkubwa akaguna kwa furaha. Mimi nikamkumbuka mama mmoja.

Sheria ya hapa inamtaka mkimbizi aombe ukaaji wa kudumu akishatimiza mwaka mmoja nchini. Fomu yake ni I-485, na inataka uorodheshe watoto wako wote. Mama yule alisema wanne. Kwenye karatasi za zamani, zile za mahojiano ya kambini, watoto walikuwa watatu, na wa nne ameandikwa mtoto wa dada. Sasa hapo nani kadanganya? Hakuna. Mtoto wa dada yako anakuita mama mkubwa au mama mdogo, na dada akishafariki, hilo "mkubwa" au "mdogo" linaanguka lenyewe. Nilimuuliza kwa adabu zote, "Mama, huyu wa nne umemzaa wewe?" Akanitazama kama nimemtukana. "Mwanangu, kuna mtoto asiyezaliwa?"

Kwa Kiswahili jibu lake limekamilika. Kwa afisa wa uhamiaji, wanne leo na watatu jana ni tofauti inayodai maelezo, na maelezo yakichelewa huanza kunuka udanganyifu. Tuliikamata ile tofauti kwa sababu tulikaa naye tukasoma mstari kwa mstari. Angejaza peke yake kwenye simu, angeandika 4, na ile 4 ingesafiri: I-485 leo, N-400 siku atakapoomba uraia, na kila fomu ya katikati. Kosa la kalamu hukaa kwenye karatasi moja. Kosa la programu huzaa.

Mfano mwingine, huu mdogo zaidi. Mtu anaomba hifadhi, anasimulia kwamba walivamiwa saa nane usiku. Kila msomaji wa Kiswahili anajua ni usiku wa manane. Mfasiri asiye makini, au mashine, inaandika saa mbili usiku, kwa sababu imeona nane ikaacha nane. Baadaye mbele ya jaji mtu huyo anasema kulikuwa kimya, watu wote wamelala. Saa mbili usiku watu wamelala? Sheria iitwayo REAL ID Act, ya mwaka 2005, inamruhusu jaji kupima ukweli wa mtu hata kwa mkanganyiko usiogusa kiini cha madai yake. Saa sita za tofauti kati ya lugha mbili zinaweza kumgeuza mkweli kuwa mwongo.

Waliosoma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah watamkumbuka Saleh Omar, mzee anayeshuka uwanja wa Gatwick akiwa na pasipoti yenye jina la mtu mwingine, akijifanya hajui Kiingereza. Huwa namfikiria nikiona kile kisanduku cha jina. Mwandishi alihitaji riwaya nzima kueleza kwa nini jina lile, na kwa nini kimya kile. Fomu ina kisanduku kimoja, na programu ina kazi moja, kukijaza.

Lakini nisiwe mwongo na mimi. Enzi za makaratasi hazikuwa pepo. Anayeomba hifadhi Marekani anatakiwa, isipokuwa kwa sababu chache, kuwasilisha ombi ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia. Akihama nyumba anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku kumi. Barua ya mahakama ikienda kwenye anwani ya zamani, yeye hajui, siku inafika, hayupo, na jaji anaweza kutoa amri aondolewe nchini hivyo hivyo akiwa hayupo. Programu inayopiga kengele wiki mbili kabla inaweza kuokoa maisha ya mtu. Karani wetu ni hodari, ila naye ni binadamu, na faili limewahi kulala chini ya faili jingine.

Kwa hiyo swali langu halikuwa kama tununue au tusinunue. Lilikuwa hili: mezani pale tulikuwa wanne, na yule ambaye maisha yake yatakaa ndani ya hiyo programu hakuwepo. Sikiliza tulichomuuliza kijana wa mauzo. Bei kwa kila mtumiaji kwa mwezi. Inaungana na barua pepe? Inachapa fomu kwa dakika ngapi? Yote maswali yetu sisi. Wahenga walishasema, asiyekuwepo na lake halipo. Hatukuwa na nia mbaya hata kidogo, na hapo ndipo panapotisha: mtu anaweza kusahauliwa na watu wanaompenda.

Kuna atakayesema mgonjwa hamchagulii daktari kisu. Kweli. Lakini kisu kikishakata kinaoshwa na kuwekwa. Kumbukumbu ya ofisi inabaki, na inaendelea kusema kwa niaba ya mtu miaka mingi baada ya yeye kuondoka chumbani. Mimi ni mkalimani, najua uzito wa kuwa mdomo wa mtu. Tukichagua programu tunamchagulia mtu mdomo, na haki ndogo kabisa tunayomdai huo mdomo ni kwamba mwenyewe aweze kusema, "Hapana, sikusema hivyo," na isikike.

Nikainua mkono. Nikamuuliza kijana maswali matatu. Je, maswali ya mteja yanaweza kuwa kwa Kiswahili tulichoandika wenyewe, si cha mashine? Je, pembeni ya kisanduku pana nafasi ya kuandika maelezo, mfano "mtoto wa dada, amemlea tangu mchanga"? Na je, tunaweza kuizuia fomu isitoke mpaka mtu athibitishe kwamba mteja amesomewa kwa lugha yake? La kwanza alisema inawezekana kwa malipo ya ziada. La pili, ndiyo. La tatu akacheka kidogo. "Mnataka programu iwacheleweshe?"

Ndiyo, nikasema. Hapo tu.

Baada ya yule kijana kuaga, karani wetu, dada ambaye ndiye anayepokea simu, alinijibu jambo ambalo bado linanikera kwa sababu ni kweli. "Kaka, kumsomea kila mteja ni saa nzima. Unajua wangapi wako kwenye orodha ya kusubiri? Na wao hawapo mezani."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Nilikuwa nimemleta mama wa watoto wanne kwenye kikao, nikawaacha nje wale ambao hata majina yao hatujayapokea. Methali haikunipendelea mimi.

Tulichagua nyingine mwishowe, ya bei ya kati. Kabla fomu haijatoka inadai alama kwamba mteja amesomewa, na alama hiyo ninaiweka mimi. Orodha ya kusubiri imerefuka kidogo. Kila Ijumaa jioni dada anaifungua kwenye skrini na kunisomea majina, moja baada ya jingine, kwa sauti. Nadhani ananiadhibu. Nadhani pia ndivyo inavyopaswa.