Mbwa Dukani: Twahara na Huruma

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa pwani wanaokaa Kapsoya, katika mji wa Eldoret, wametuuliza: Wafanyeje akiingia mtu dukani na mbwa wake wa kufuga, mbwa akawapitia kwenye kanzu na mabuibui, au akanyoosha pua kwenye magunia ya mchele? Wametueleza kwamba wako wanaomrushia mbwa mawe, na wako wanaoacha Sala ya Adhuhuri ikawapita kwa kudhani nguo zao zimekwisha kunajisika. Hili la pili ndilo lililotushikisha kalamu.

Wengi wetu wa pwani twafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi, mwili wake na mate yake. Lakini hukumu hii ina mpaka, na mpaka huo wengi hatukufundishwa. Najisi haihami pasipo umajimaji. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu, nguo ni twahara. Haihitaji kuoshwa hata mara moja, seuze mara saba. Ikiwa kuna mate au maji, hapo ndipo paoshwe palipoguswa mara saba, moja yake kwa mchanga safi. Basi mwenye kuacha Sala kwa sababu ya manyoya makavu amekimbia kisichokuwa najisi akaangukia dhambi iliyo wazi.

Na tujue pia kwamba Imam Malik alisema mbwa aliye hai ni twahara, na katika madhehebu ya Hanafi najisi ni mate yake, si mwili wake. Imamu Bukhari amepokea kwa Ibn Umar kwamba zama za Mtume (S.A.W.) mbwa walikuwa wakipita msikitini. Hatusemi haya ili mtu aache madhehebu yake, bali asimdharau nduguye.

Ama mwenye mbwa, naye ana wajibu wake. Mtume (S.A.W.) ameonya kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa kuwinda, wala wa mifugo, wala wa shamba, hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Asiyekuwa Muislamu hatumlazimishi sheria yetu, lakini twaweza kumwomba kwa maneno mazuri amfunge kamba mbwa wake na amweke mbali na chakula cha watu. Mwenye duka ana haki ya kusema, "Tafadhali, mbwa angoje mlangoni." Tena iko sababu ambayo kila jirani ataifahamu: karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, na mbwa achanjwe kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi.

Mlangoni si mahali pa dharau. Mbwa wa Watu wa Pango ametajwa katika Suratul Kahf, amenyoosha miguu yake kizingitini. Mwaka 2008, katika mji wa Leicester, Uingereza, kijana Muislamu kipofu aliruhusiwa kuja msikitini na mbwa anayemwongoza, baada ya wanazuoni kutoa fatwa. Mbwa akawekewa mahali pake karibu na mlango, na mwenyewe akaingia kusali. Twahara ya msikiti ilihifadhiwa, na kipofu hakunyimwa jamaa.

Na hayo mawe, yametoka katika dini gani? Mtume (S.A.W.) alitusimulia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Jirani wa Kapsoya hatausoma Uislamu vitabuni. Atausoma mikononi mwetu.

Ndugu zetu, twashtuka mbwa akikaribia gunia la mchele, wala hatushtuki tunapoupima mchele huo kwa mizani iliyopunjwa. Mate ya mbwa huondoka kwa maji mara saba na mchanga. Haki ya mtu haiondoki kwa bahari nzima, mpaka arudishiwe mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atutwaharishe nguo zetu na nyoyo zetu. Amin.