MPIRA, REDIO NA UADILIFU WA MUUMINI

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Ijumaa hii tunazungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema si la msikitini, nalo ni mpira. Hatuulizi kama mpira ni halali au haramu. Mashindano ya mbio yalikuwako zama za Mtume (s.a.w.), naye mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.). Swali letu ni jingine: mtu akiona timu yake imedhulumiwa na mwamuzi, au na mtangazaji wa redio, je, dhuluma hiyo inampa ruhusa ya kuchukia?

Tunauliza kwa sababu chuki hiyo tunayo hapa Kindu. Mechi ikiisha, utasikia Kasuku, Mikelenge, hata ng'ambo ya mto kule Alunguli: redio ile ni ya wale, sisi tukishinda wanatutaja dakika mbili, wale wakishinda wanatajwa siku nzima. Maneno yanapita mdomo hadi mdomo, na baada ya siku chache watu wawili wanaosali safu moja hawapeani tena salamu. Nasi tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu.

Wala tusidhani haya ni mchezo tu. Mwezi wa Septemba 2008 huko Butembo, Kivu ya Kaskazini, mechi ya timu mbili za mji huo iliharibika kwa shutuma za uchawi, na katika fujo na msongamano wakafa watu zaidi ya 10. Tarehe 11 Mei 2014, uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, AS V.Club ilikuwa inacheza na TP Mazembe. Vitu vikarushwa uwanjani, polisi wakapiga mabomu ya machozi, watu wakakanyagana, wakafa 15. Hao wote walitoka nyumbani kwao kwenda kutazama mpira.

Basi tuangalie mambo matatu.

LA KWANZA: Malalamiko yanaweza kuwa ya kweli. Mtangazaji ni binadamu, naye ana timu anayoipenda. Uislamu haukwambii unyamaze. Nenda kwa mkubwa wa redio, mwambie kwa adabu, mwonyeshe kosa liko wapi. Lakini hakikisha kwanza. Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatuamuru tuchunguze habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Aya hiyo inamhusu mtangazaji kabla hajafungua kinywa, na inamhusu vilevile shabiki anayetuma habari kwa simu kwamba mwamuzi amenunuliwa, hali hakuona pesa, wala mkono uliotoa, wala mkono uliopokea.

LA PILI: Katika Suratul Maida, aya ya 8, tumekatazwa kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamriwa kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Hapa ndipo penye kipimo. Siku mwamuzi alipoipa timu yako penalti isiyostahili, ulilalamika? Siku redio ilipoisifu timu yako kupita kiasi na kuwadharau wengine, ulikwenda kusema wale wamedhulumiwa? Kama ulinyamaza ukafurahi, basi leo hulilii haki. Unalilia zamu yako ya kupendelewa. Mwenye kupenda haki huumia inapovunjwa, hata faida ikiwa ni yake.

LA TATU: Atasema mtu, timu hii ni jina la kwetu, nitaachaje kuipenda? Hatukwambii uache. AS Maniema Union, tangu ilipoundwa mwaka 2005, inabeba jina la jimbo letu, na kuifurahia si dhambi. Lakini kumbukeni kisa cha safarini, pale mtu wa Muhajirina alipompiga mtu wa Ansari. Huyu akawaita Ansari, na yule akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) akawaambia waache mwito huo, kwa kuwa unanuka. Muhajirina na Ansari ni majina yaliyosifiwa ndani ya Kurani yenyewe! Jina halikuwa baya. Ubaya ulikuja pale jina zuri lilipotumiwa kukusanya watu dhidi ya ndugu zao. Ikiwa majina yale yaliweza kunuka, itakuwaje jina la timu ya mpira?

Na timu ikishindwa, tujue kushindwa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia aitwaye Adbaa, asiyepitwa mbioni. Akaja bedui na ngamia wake, akampita, na Waislamu wakaona uchungu. Mtume (s.a.w.) hakumlaumu bedui. Aliwafundisha kwamba hakuna kitu kinachopanda duniani ila Mwenyezi Mungu atakishusha. Maniema Union yetu ilipanda hadi makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024-2025, pamoja na Raja na FAR za Moroko na Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini, lakini haikuvuka makundi. Ndiyo desturi ya dunia.

Enyi vijana, Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumsaidia ndugu yetu akidhulumiwa, na hata akiwa yeye ndiye anayedhulumu: huyu anasaidiwa kwa kushikwa mkono asidhulumu. Basi ukimwona mwenzako wa timu moja nawe ameokota jiwe, mshike mkono. Na uliyemnyima salamu kwa ajili ya mechi, mtafute leo baada ya sala, umwanze wewe.

Ewe Mola wetu, safisha mioyo yetu na kinyongo, tujaalie waadilifu katika furaha na katika hasira, na uupe mji wetu amani. Amina.

Wabillahi tawfiq.

(Usiitupe karatasi hii ovyo, ina majina matukufu. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)