Kilomita 604 Kutoka Beni Hadi Eringeti

Barabara ya Taifa namba 4 ikitoka mjini Beni, mashariki mwa Kongo, hupita Mavivi, Mbau, Oicha na Mayimoya kabla ya kufika Eringeti, na mwenyeji yeyote atakuambia ni kilomita kama 60. Lakini kuna kitabu kidogo kilichozunguka kwenye simu za watu wa huku ambacho, ukikisikiliza, kinakuambia ni kilomita 604. Aliyekiandika ni mzaliwa wa hapa. Barabara hiyo anaijua kuliko mimi, na popote hakuandika 604. Aliandika 60, kisha akaweka kinamba kidogo cha 4 cha kumpeleka msomaji kwenye tanbihi. Mwenye macho anaona 60 na kinamba kilichopandishwa juu. Sauti ya simu haikuona cha kupanda wala cha kushuka. Ilikuta tarakimu tatu zimeshikana, ikazisoma kama namba moja.

Mwenyewe ameniruhusu nisimulie, nami simtaji jina, kwa sababu jambo lililompata linaweza kumpata yeyote kati yetu anayeandika kwa kompyuta, nikiwemo mimi. Nimeona kazi za wanafunzi, vitabu vya nyimbo vya kanisa na ripoti za mashirika zilizoandikwa kwa namna ile ile. Nyingi bado hazijaleta madhara kwa sababu tu hakuna aliyejaribu kuzisikiliza.

Kwanza niseme kitabu chenyewe ni cha nini, maana bila hivyo mtu ataona tunasumbuka na mambo ya vinamba. Mwandishi alikusanya kwa miaka mingi maneno ya wazee na ya walionusurika: namna Eringeti ilivyokua, kilimo cha kakao, maisha ya wenyeji wa eneo la Bambuba-Kisiki, halafu mauaji yaliyoanza kuikumba Beni Oktoba 2014, na shambulio la tarehe 29 Novemba 2015 hapo Eringeti ambalo halikuiacha hata hospitali. Ni mtu mwangalifu. Kila neno zito alilitia tanbihi: aliyesema alikuwepo au alisimuliwa, ni wa kijiji gani, habari imethibitishwa na mwingine au bado. Majina hakuyaweka, kwa usalama wa watu. Kwa hiyo uaminifu wa kitabu hiki uko kwenye tanbihi zake. Maelezo makuu yanasema nini kilisikika, tanbihi inasema tukiamini kwa kiasi gani. Vikitengana, kitabu kinasema uongo ambao mwandishi hakuukusudia.

Alikipeleka Butembo kwenye sekretaria, duka la kuchapa na kutoa fotokopi ambalo wanafunzi wanalijua vizuri. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alikuwa mwepesi wa vidole na mwenye moyo wa kusaidia. Alipofika kwenye tanbihi alifanya alivyozoea: akaandika 4, akaichagua, akabofya kitufe cha kupandisha namba juu. Kisha akashuka mwisho wa ukurasa, akachora mstari kwa kurudia alama ya kistari cha chini, na chini yake akaandika maneno ya tanbihi kwa herufi ndogo. Akatoa kopi. Ilipendeza sana. Kwenye karatasi huwezi kabisa kutofautisha tanbihi hiyo na ile iliyowekwa na kompyuta yenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika.

Kompyuta ilianza kuonya mapema. Mwandishi alirudi na ushuhuda mpya, akaomba uingizwe kwenye sura ya pili. Aya ilipoingia, maneno yote yaliyofuata yalisogea, na ule mstari wa vistari ukajikuta katikati ya ukurasa, tanbihi zikining'inia chini yake na maelezo yakiendelea tena baada ya hapo. Kijana akabonyeza Enter mara nyingi mpaka tanbihi zikarudi chini. Namba nazo zilibidi zibadilishwe moja moja kwa mkono kuanzia pale mpaka mwisho wa sura, na kwa haraka ya siku ile zikabaki 23 mbili. Wote wawili waliliona hilo. Walilichukulia kuwa usumbufu wa kawaida wa kazi. Hapo ndipo ningependa msomaji asimame kidogo: tanbihi ya kweli haiondoki chini ya ukurasa wake na haihitaji kuhesabiwa na mtu. Ukijikuta unahesabu tanbihi kwa kidole, jua kwamba kompyuta haijui kama una tanbihi yoyote.

Baadaye faili lilifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mjini Beni. Aina ya herufi haikuwa ile ile, kurasa zikavunjika mahali pengine, mistari ikatawanyika tena. Lawama ikaiangukia kompyuta ya Beni. Hakuna aliyejiuliza kwa nini vichwa vya habari na namba za kurasa vilikaa salama, zikahama tanbihi tu.

Dalili nyingine ilikuwa ya kimya. Katika Word, ukisogeza kishale cha kipanya juu ya namba ya tanbihi ya kweli, maneno ya tanbihi hutokea kwenye kisanduku kidogo. Ukibofya mara mbili, unapelekwa kwenye tanbihi yenyewe. Kwenye faili hili ungebofya hadi jioni pasitokee kitu.

Onyo kubwa lililetwa na binadamu. Kabla kitabu hakijatolewa, mwandishi alimtumia mzee mmoja, mwalimu wa zamani aliyepoteza uwezo wa kuona, ambaye husoma kwa kusikiliza simu. Mzee alimpigia siku ya pili.

“Mwanangu, hapa kuna shida. Simu inaniambia Eringeti ilishambuliwa Novemba elfu ishirini, mia moja hamsini na tisa.”

“Ni hiyo sauti ya simu, Papa. Kiswahili inakijua nusu nusu.”

“Lakini miaka mingine inaisoma vizuri.”

“Usijali, Papa. Tarehe yenyewe unaijua.”

Mwandishi aliandika 2015 na tanbihi ya 9. Mzee alisikia 20159. Naye alikwisha kutoa dokezo ambalo lingeokoa kila kitu: miaka mingine inasomwa sawa. Sauti isiyojua Kiswahili ingeharibu miaka yote. Hii iliharibu ile tu iliyofuatwa na tanbihi. Simlaumu aliyejibu, maana hata mimi na wewe, mtu akituambia simu yake inasoma vibaya, jibu jepesi kuliko yote ni kwamba simu ni mbovu. Ila msikilizaji wa aina hiyo ana uzoefu wa miaka na sauti ile, anajua inakosea wapi na wapi haikosei kamwe. Akikuambia kuna jambo, mwamini kwanza, uchunguze baadaye.

Faili likageuzwa kuwa kitabu cha kielektroniki cha aina ya EPUB, kikaanza kupitishwa kwa WhatsApp na kwa flashi. Sasa, ndani ya EPUB hakuna mwisho wa ukurasa. Maneno hujipanga upya kulingana na upana wa simu na ukubwa wa herufi anaotaka msomaji, na ndiyo sababu kitabu cha namna hiyo kinamfaa mwenye macho dhaifu. Tanbihi iliyoandikwa kwa mkono chini ya ukurasa wa A4 haina pa kukaa tena. Inatumbukia katikati ya sentensi. Msikilizaji alisikia kitu kama hiki: tulipofika Mayimoya tukawakuta watu, kistari kistari kistari, nne umbali huu ni wa barabara ya magari si wa njia za msituni, tano habari hii haijathibitishwa, wakirudi na mizigo kichwani.

Hayo ya “haijathibitishwa” ndiyo yaliyoumiza. Katika sura ya mauaji, onyo kama hilo lilihusu uvumi uliotajwa ukurasa mmoja nyuma. Kurasa zilipoyeyuka likaangukia mbele ya maneno ya mtu mwingine, mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake na kuwazika watu wake. Ndugu zake huko Oicha walikisikiliza kitabu pamoja jioni moja, wakamsikia akitiliwa shaka. Mwandishi alikwenda mwenyewe kuwaeleza na kuwaomba radhi. Ni vigumu kumweleza mtu mwenye msiba kwamba aliyemtilia shaka ni kitufe cha Enter.

Tanbihi ya kweli huwekwa hivi. Kwenye Word ya Kifaransa, ambayo ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za huku, weka kishale mahali unapotaka namba, nenda kwenye Références, bofya Insérer une note de bas de page. Namba inaingia yenyewe, nafasi ya kuandika inafunguka yenyewe. Kwenye LibreOffice, ambayo hailipiwi, jambo hilo hilo liko kwenye menyu ya Insertion. Unachokiona kinafanana na kazi ya yule kijana, lakini ndani ya faili namba na maneno yake vimefungwa pamoja, na programu yoyote inayogeuza faili inaufuata uzi huo. WordToEPUB, inayotolewa bure na DAISY Consortium, muungano ulioanzishwa 1996 kwa ajili ya vitabu vya wasioweza kusoma chapa ya kawaida, inazifanya tanbihi hizo kuwa viungo: unabofya namba, unasikia tanbihi, unarudi ulipoachia. Calibre nayo inafanya hivyo. Msikilizaji anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa 2006 na Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, ambaye baadaye aliungana na mwenzake James Teh, inayopatikana bure na kuja na sauti ya Kiswahili, anaambiwa kwamba 4 ni kiungo. Hachanganyi tena na 60.

Wengine huuliza, tanbihi za chini ya ukurasa au za mwisho wa kitabu? Kwa kitabu cha kielektroniki tofauti ni ndogo, kwa sababu zote mbili huishia kuwa viungo, na Word inaweza kuzigeuza zote kutoka aina moja kwenda nyingine. Kwa karatasi, katika kitabu cha ushuhuda kama hiki, mimi naona zikae chini ya ukurasa ule ule, onyo lisiwe mbali na linachokionya. Na jambo ambalo msomaji hapaswi kabisa kulikosa lisiachiwe tanbihi. Wasikilizaji wengi huziruka, kama sisi tunavyoziruka kwa macho.

Kuna na hii ya Ibidem, yaani “mahali pale pale”. Vyuoni tumefundishwa kuijaza kila mahali pamoja na Op. cit., na kwenye karatasi haina shida, jicho linapanda mstari mmoja na kuona kitabu kilichotajwa. Anayesikiliza akiruka kutoka kwenye maelezo hadi tanbihi ya 31, anakuta “Ibidem, uk. 12”, na hajui ni ya nani. Itabidi arudi kwenye ya 30, ambayo nayo huenda ni Ibidem. Andika jina la mwandishi na jina fupi la kitabu, basi. Usitie tanbihi kwenye kichwa cha sura pia, kwani katika ugeuzaji kinamba chake kinaweza kupanda hadi kwenye yaliyomo. Wala usiandike tanbihi ndani ya kisanduku cha maandishi ukidhani umekipata kituo imara, maana visanduku hivyo mara nyingi huhama au hupotea faili linapogeuzwa.

Kazi ya kurekebisha ilikuwa ndefu. Word haina kitufe cha kugeuza tanbihi za mkono kuwa za kweli. Kila moja ilikatwa ilikokuwa, ikaingizwa upya kwa njia sahihi, vistari vikafutwa, zile 23 mbili zikatafutiwa wenyewe. Yule kijana wa sekretaria alikuja kusaidia kwa hiari yake, na siku hizi mwanafunzi akimletea kazi humwonyesha Références kabla hajaanza kuandika. Ugumu mkubwa ulikuwa kujua onyo lipi lilikuwa la ushuhuda upi. Kwa baadhi ilibidi kurudi kwenye madaftari ya mkono, na madaftari mengine yalibaki nyuma familia zilipokimbia. Tanbihi zisizopata mwenyewe ziliondolewa, na pale mwandishi akaeleza waziwazi ndani ya maelezo makuu.

Siku hizi tunazungumza sana juu ya haki ya wasioona kupata vitabu. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa 2013, na jirani zetu Kenya, Uganda na Tanzania wamejiunga nao. Unaruhusu kutengeneza nakala wanazoweza kuzisoma bila kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki. Ni jambo jema mno, lakini hakuna mkataba utakaoifunga namba na tanbihi yake ndani ya faili ulilolipiga chapa wewe. Tufanye jaribio dogo kabla ya kumpa mtu kazi yetu: washa TalkBack, sauti ya kusoma skrini kwenye simu za Android, fumba macho, sikiliza kurasa chache zenye tanbihi na tarehe, uone kama unaweza kwenda kwenye tanbihi na kurudi. Kisha mpe anayeishi na sauti hiyo kila siku.

Toleo la pili limeandikwa hivyo kwenye jalada, pamoja na mwaka, ili watu walitofautishe na la kwanza ambalo haliwezi kukusanywa tena kutoka kwenye simu zote. Mwandishi ameanza kitabu kingine, na sura zake hupitia kwanza kwa yule mzee. Ya kwanza imekwisha kurudishwa. Mzee alisikia Ibidem akauliza ni nani huyo, na kichwa cha sura kilikuwa na kinamba.