Kumjua Mungu na Kujulikana Naye

Katika Wagalatia 4:9 Mtume Paulo anafanya jambo ambalo tukisoma haraka hatulioni. Anaanza kuwaambia Wagalatia kwamba sasa wamemjua Mungu, na kabla hajamaliza anajirekebisha: au tuseme, wamejulikana na Mungu. Halifuti neno la kwanza, maana ni kweli walikuwa wamemjua. Ila analiweka la pili liwe msingi wake.

Ilikuwako sababu. Wakristo wa Galatia, sehemu ya nchi ambayo leo ni Uturuki, walikuwa wamefikiwa na walimu waliodai kwamba kumwamini Kristo hakutoshi, ni lazima watahiriwe pia ndipo wahesabiwe kuwa watu wa Mungu. Wakabaki wakijiuliza: sisi ni nani, na alama yetu ni ipi? Paulo anawaonyesha kwamba Mungu ndiye aliyeanza. Aliwajua, akawafanya wana, akampeleka Roho wa Mwanawe mioyoni mwao.

Nasi tunazo alama zetu: cheti cha ubatizo, namba ya bahasha, sare ya kwaya, nafasi ya mzee wa kanisa. Zote ni njema mahali pake. Lakini mwimbaji hupoteza sauti, mzee hustaafu, na mtoaji mkubwa hufilisika. Tena yuko mama aliyefundisha Biblia miaka mingi, kisha akapatwa na ugonjwa wa kusahau, hata Sala ya Bwana ikamtoka. Je, huyo si mtoto wa Mungu tena? Kama utambulisho wetu ungekuwa ni yale tunayoyajua kumhusu Mungu, mama huyo angekuwa ameupoteza. Lakini Yeye anayemjua hajamsahau, na wala hatamsahau. Hapo ndipo tunapoelewa uzito wa Paulo kujirekebisha.

Basi, tukae tu tukistarehe? Katika Mathayo 7 Yesu anawataja watu waliotoa unabii na kutoa pepo kwa jina lake, na hata hivyo wataambiwa kwamba hakuwajua kamwe. Jina lake walikuwa nalo midomoni, lakini mapenzi ya Baba hawakuyafanya. Kwa hiyo ni haki kuuliza: kumjua Mungu huonekanaje?

Yeremia 22 inatupa jibu lisilo na mafumbo. Mfalme Yehoyakimu wa Yuda alijijengea jumba pana, akalipamba kwa mierezi na rangi nyekundu, huku akiwatumikisha watu bila ujira. Nabii akamkumbusha baba yake, Yosia, aliyewaamua maskini na wahitaji kwa haki. Kisha Bwana anauliza: je, huko siko kunijua mimi? Tukumbuke kwamba ni katika siku za Yosia kitabu cha torati kilipatikana hekaluni. Lakini hapa Yeremia hakutaja kitabu. Alitaja maskini.

Basi tusiende mbali kujipima. Tuanze na dada wa kazi ambaye mshahara wake tunausogeza mwezi hadi mwezi, huku ahadi yetu ya ujenzi wa kanisa tukiitimiza kwa wakati. Tuanze na mlinzi wa getini ambaye tumempita miaka miwili bila kumuuliza jina. Hatuwatendei haki ili tupate kuwa wana wa Mungu. Tunawatendea haki kwa sababu tumekwisha kufanywa wana, na mwana hufanana na Baba yake. Mungu alitujua sisi tusiokuwa na cha kumpa. Hatuwezi kupokea neema hiyo kisha tukakataa kumjua mtu anayefua nguo zetu.

Siku ambayo cheo, sauti na hata kumbukumbu vitatuacha, tutabaki na jambo moja tu: kwamba tunajulikana na Mungu. Nalo latosha. Lakini leo, tukiwa bado na nguvu, jirani yetu na aone kwa matendo yetu kwamba nasi tumemjua Yeye.