Sheria ya Bangi na Dhamiri Yetu

Huku milimani Minembwe, na kule chini Fizi na Baraka, wako wasemao: “Bangi ilikatazwa na Wazungu tu. Wazee waliivuta, na leo mataifa mengine yameiruhusu. Dhambi iko wapi?” Neno hili lastahili jibu.

Ni kweli, sheria ya kukataza bangi katika Kongo ilitolewa mwaka 1903 na serikali ya Leopold II, serikali ile ile iliyowatesa watu kwa ajili ya mpira. Ni kweli pia kwamba kabla yake, huko Kasai, Walulua wa mtemi Kalamba waliivuta pamoja kama alama ya urafiki. Mwaka 1961 mataifa yalipatana kuizuia duniani. Mwaka 2020, kwa kura 27 dhidi ya 25, Umoja wa Mataifa uliitoa katika orodha iliyo kali kuliko zote. Na mwaka 2021 jirani zetu wa Rwanda waliruhusu ilimwe kwa ajili ya dawa.

Basi sheria za watu hubadilika. Lakini ubaya wa ulevi hautoki katika karatasi ya serikali. Mungu alitupa akili tuchague mema. Aizimaye kwa kusudi, apate raha tu, aidharau zawadi yake. Dawa ya mgonjwa ni jambo jingine, na Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha hivyo. Wala mtawala mbaya hageuzi sheria njema kuwa mbaya: tuipime kwa shabaha yake.

Tena Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ya watu haikatazi kila uovu, bali hasa ule unaowadhuru wengine. Mchungaji wa ng’ombe aliyekutwa na msokoto mmoja si sawa na mtu mzima ampaye mtoto bangi kabla ya kumtia bunduki mkononi. Yule wa kwanza ahitaji shauri kuliko gereza. Wa pili ameiba roho ya mtu. Kwani woga anaoufukuza katika mtoto yule mara nyingi ndio sauti ya dhamiri, isemayo: Usiue.

Wazazi, tusingoje askari. Kijana akianza kuvuta, tumwulize kwanza anakimbia huzuni gani. Katika nchi yenye vita huzuni si haba. Tumpe kazi, tumsikilize, tumsindikize kwenye Kitubio. Sheria yaweza kung’oa mmea shambani, lakini haiwezi kulea mtoto. Kazi hiyo Mungu ametupa sisi.