Deni letu kwa mbwa mdogo

Leo tuulize neno moja ambalo wengine watalicheka: mtu akifuga mbwa mdogo asiyewinda wala kulinda nyumba, je, ana deni lolote kwake? Mbwa wa mwindaji hula jasho lake, na mbwa wa mlinzi vilevile. Lakini huyu kazi yake ni kukaa tu karibu na bwana wake. Basi wengi husema: «Ni kitu cha mchezo, mwenyewe afanye apendavyo.» Sisi hatukubali, na sababu zetu ndizo hizi.

Tumtwae mbwa aitwaye Pomeranian. Jina lake latoka Pomerania, nchi iliyo kando ya bahari ya Baltiki, ambayo leo sehemu yake iko Polandi na sehemu Ujerumani. Ana masikio madogo ya kusimama, uso uliochongoka kama wa mbweha, na mkia uliolala mgongoni. Manyoya yake ni ya namna mbili: ya chini laini kama pamba, ya juu marefu na magumu zaidi. Uzito wake ni kilo 2 au 3 tu.

Lakini babu zake hawakuwa hivi. Walikuwa mbwa wa nchi za baridi, wakubwa kuliko yeye. Thomas Gainsborough, mchoraji wa Uingereza aliyekufa mwaka 1788, aliwachora mbwa wa ukoo huu, nao si wa kubebwa kiganjani. Mwaka 1888 malkia Victoria alileta kutoka Florence, huko Italia, mbwa aliyeitwa Marco, mdogo kuliko wale wa kale. Watu wakatamani wa namna hiyo. Wafugaji wakazidi kuchagua wadogo wazae na wadogo, hata wakafika hapa tulipo.

Sasa tujiulize: nani aliyemfanya mbwa huyu kuwa mdogo? Si yeye mwenyewe, wala si pori. Ni tamaa ya watu. Na udogo huo una bei, na anayeilipa ni mbwa. Meno yake hubanana katika taya dogo, huharibika na kung'oka mapema. Bomba lake la pumzi ni dhaifu. Pia ya goti hutoka mahali pake kwa urahisi. Akiruka kutoka kitini, mguu waweza kuvunjika. Jike huzaa watoto wachache tu, na mara nyingine hawezi kuzaa asipopasuliwa.

Basi deni limeonekana. Anayemkata ndege mabawa asimwambie: «Nenda ukajitafutie.» Vivyo hivyo, sisi watu tuliomwondolea nyama huyu nguvu za kujitegemea, tumejitwika mzigo wa kumtunza.

Mzigo huo ni kazi, si kubembeleza tu. Manyoya yachanwe mara kadha kila juma mpaka kwenye ngozi, yasije yakafungana mafundo. Yasinyolewe kabisa kwa sababu ya joto, maana mara nyingine hayaoti tena vizuri. Afadhali mbwa apewe kivuli na maji. Meno yasafishwe. Kamba ifungwe kifuani, si shingoni. Mtoto wake ale kidogo kidogo mara nyingi, kwani akikaa na njaa sukari ya damu hupungua akazimia. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake. Tena aachwe atembee kwa miguu yake: anayembeba mchana kutwa kama mkoba ampenda mkoba, hampendi mbwa.

Labda mtu atatujibu: «Watoto wa watu wanalala njaa, nanyi mwasema habari za mbwa!» Neno hilo ni zito, hatulipuuzi. Mtu ni mkubwa kuliko mbwa. Nyumba ambamo mbwa hushiba na mtumishi hulala njaa, nyumba hiyo imepindua mambo. Lakini tuangalie vema: je, yule anayemtupa mbwa wake njiani, huenda kumlisha mtoto wa jirani? Hatujaona hivyo. Moyo unaojizoeza kutosikia kilio cha mdogo mmoja, haujifunzi kumsikia mwingine. Jibu la haki ni hili: asiyeweza kutimiza yote mawili, asimtwae mbwa. Akiisha kumtwaa, asijifiche nyuma ya watoto maskini ambao hawasaidii.

Liko neno lingine. Mbwa huyu huishi miaka 12 hata 16. Malkia Victoria alipokuwa akifa, Januari 1901, mbwa wake Turi aliletwa kitandani pake. Malkia akafa, mbwa akabaki. Basi mzee atakaye mbwa afikiri tangu siku ya kwanza: nani atampokea nyuma yangu?

Na kwa wanunuzi tunasema: leo wako wauzaji wanaosifu mbwa wadogo kupita hata hawa, wa kilo 1 tu. Wanauza kwa sababu wapo wanaonunua. Kila anayelipa kwa ajili ya udogo huo anaagiza mwingine azaliwe dhaifu zaidi. Ndugu, kabla ya kutoa fedha, mwulize muuzaji habari za magoti na pumzi za mama yake. Asipotaka kujibu, rudi nyumbani mikono mitupu.