Kofia Ndani ya Treni

Kila Juni, stesheni ya Waterloo jijini London hujaa watu waliovaa kama waalikwa wa harusi. Wanakwenda Ascot, kwenye uwanja wa mbio za farasi ulioanzishwa na Malkia Anne mwaka 1711. Safari ni kama saa moja hivi, na viti havitoshi. Basi marafiki husimama wamebanana: huyu kainua kofia ya mwenzake juu ya vichwa isipondwe, yule anagawa vitafunio, mwingine anaapa farasi wake hashindiki. Mbio zenyewe? Nyingi hazifiki hata dakika tatu. Jioni wengi hurudi mifuko mitupu, viatu mkononi, wakibishana kwa vicheko nani kamponza nani. Mimi ningelipa nauli kwa ajili ya mabishano hayo tu.